Karatasi Uliyoniomba Kutoka Uingereza

Downsview, Toronto,
Kanada.

5 Oktoba 2025

Mpendwa Kaka Projestus,

Shikamoo Kaka. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote wa hapo nyumbani. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwamba ukikaa kanisani mpaka mwisho wa mahubiri inabidi watu wawili wakuinue, nami nikakwambia hiyo ni adhabu ya kusinzia. Mama anakula? Miguu yake imeacha kuvimba? Dorotea hajambo, na mtoto? Mvua zimeanza, au bado mnatazama mawingu?

Sisi huku tu wazima wa mwili. Baridi imeshaanza kuchungulia. Nikitoka alfajiri kwenda kituo cha basi natoa moshi mdomoni, na kile kiwanda cha mikate nyuma ya jengo letu kinanukia hadi ghorofa ya kumi na nne, kwa hiyo naamka na njaa kila siku. Mpwa wako Clinton amenipita urefu. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na chakula kikiwa tayari ndipo anapokumbuka neno "karibu".

Kazini bado nipo kwenye ile nyumba ya wazee. Mzee Madatali niliyewahi kukusimulia, yule Mhindi ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa Bukoba mjini, bado yupo. Kila nikimwogesha ananiuliza kama meli ya Mwanza imeshafika. Namjibu imefika, basi anatulia. Wenzangu wanasema si vizuri kumdanganya mzee, lakini wao hawakuwahi kuisubiri meli hiyo.

Najua umeanza kujiuliza kwa nini nakuandikia kwa mkono kama zamani. Simu yako hushikwa na watu wengi, Kaka. Miwani yako ikipotea Dorotea ndiye anayekusomea ujumbe, nami sitaki asome haya kabla yako. Barua hii nampa Faudhia, rafiki yangu wa Lawrence Heights, ambaye wiki ijayo anakuja Dar na kisha Bukoba kwa dada yake. Nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote. Isome peke yako, shambani, ukiwa umekaa.

Mwezi wa sita uliniandikia kwamba Padre amekataa kuwafungisha ndoa wewe na Dorotea mpaka aone karatasi kutoka Uingereza inayosema mumewe Silvanus alikufa huko. Ukaniomba niitafute, kwa kuwa mimi ndiye niliye nje na ninajua Kiingereza cha ofisi. Nilikubali. Nilipiga simu, nikajaza fomu, nikaandika jina la mdogo wetu mara nyingi hata likaanza kuonekana geni. Kila mahali walinijibu kwamba hawana kifo cha mtu huyo.

Mwezi wa nane Faudhia alirudi kutoka London alikokwenda kwenye harusi ya mpwa wake. Alikuwa amechukua safari ya siku moja ya basi la watalii, wanakuzungusha kwenye majumba na makanisa ya zamani huko mashambani. Alikuja kwangu Jumapili kunionyesha picha. Nilikuwa nakata vitunguu huku nikitazama na kuitikia tu. Katika picha moja, pembeni ya kundi la watu mbele ya kanisa, alikuwa amesimama mtembezaji wao, mwanamume mweusi mwenye mwavuli wa njano, mkono wa kushoto ameuweka nyuma ya mgongo na kushika kiwiko cha mkono wa kulia. Unamjua mtu anayesimama hivyo. Baba alimchapa akiwa na miaka saba aache, na hakuacha.

Sikumwambia Faudhia kitu. Nilimwomba tu jina la hiyo safari, nikaomba siku tano kazini, nikakata tiketi. Clinton nilimwambia nakwenda kwenye semina. Siku hizo zote sikukupigia simu kwa sababu sauti yangu ingenisaliti.

Basi liliondoka London asubuhi na mvua yake. Mtembezaji alisimama mlangoni na orodha ya majina, beji kifuani imeandikwa Shaun. Nilipanda nimefunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa akiwahesabu watu kwa kugusa vichwa vya viti, kimoja kimoja. Alipofika kwenye kiti changu mkono ulisimama. Kisha akaendelea hadi nyuma, akarudi mbele, akahesabu upya. Akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba tupo wote na kwamba basi halimsubiri mtu.

Kaka, ni yeye. Nisikuzungushe. Amepata mvi masikioni na anaongea Kiingereza cha pale pale, lakini ni Silvanus wetu.

Kwanza tulipelekwa kwenye kasri la mfalme, la Windsor. Watu waliokuwa nami walipiga picha nyingi. Mimi ukinichapa leo nikwambie nilichokiona humo, nitakutajia ule mwavuli wa njano tu.

Baadaye tukapelekwa kwenye kijiji kimoja cha nyumba za mawe na kanisa dogo la kale. Ndani, kando ya ukuta, kuna kaburi lenye sanamu ya jiwe ya mtu aliyelala chali, viganja vimeunganishwa kifuani na mbwa amelala miguuni pake. Silvanus alituita tulizunguke. Akasimulia kwamba bwana huyo alikwenda vitani ng'ambo na hakurudi, na watu wake walisubiri miaka saba, kisha wakamchonga kwa jiwe na kumfanyia mazishi. Chini ya jiwe, akasema, hamna mtu. Mzee mmoja wa kundi letu akauliza, ingekuwaje kama huyo bwana angerudi. Watu wakacheka. Silvanus hakucheka. Alinitazama mimi moja kwa moja kwa mara ya kwanza siku ile, akajibu kwa Kiingereza chake kizuri.

"Angekuta nafasi yake imejaa."

Nilitoka nje, nikaanza kusoma majina kwenye makaburi ya watu.

Wewe ndiye uliyeshika jembe siku ile, kwa hiyo huhitaji kukumbushwa, ila nataka niandike nione kama maneno yatakubali. Kwetu mtu akipotea mbali na mwili usirudi, tunakata mgomba, tunaufunga shuka, tunauzika nyumbani, tunanyoa, tunamaliza. Na mtu aliyezikwa hivyo akitokea hai, haitwi jina wala hapiti mlangoni mpaka mgomba uchimbuliwe, la sivyo wanasema atamchukua mmoja wa nyumba. Tulimzika Silvanus Agosti ya 2020, baada ya miaka minne bila sauti yake. Na aliyesukuma ni mimi. Mama alikataa. Wewe ulisitasita. Mimi ndiye niliyesema kwenye simu, nikiwa nimechoka na zamu mbili, kwamba tumalize, kwamba Dorotea naye ni binadamu, hawezi kukaa mke wa kivuli mpaka azeeke. Maneno hayo ni yangu, na mazishi niliyatazama nikiwa kwenye kiti changu cha jikoni, kijana mmoja amenishikia simu juu ya kaburi.

Mchana tulifika Stonehenge. Ni mawe makubwa yaliyosimamishwa uwandani, hakuna aijuaye vizuri habari yake, na watu huyazunguka kwa njia iliyowekwa, bila kuyagusa. Upepo ulikuwa unakata. Silvanus aliwapa watu dakika arobaini. Mimi sikwenda kwenye mawe. Nilizunguka nyuma ya basi nikamkuta anakunywa chai ya chupa, amejikinga na upepo.

Nilitaka kumwita jina, ulimi ukakataa. Nina miaka kumi na tisa Kanada, Kaka, nalipa kodi, najaza fomu, na bado nilikumbuka kwamba ule mgomba uko ardhini. Nikasema tu, mdogo wangu.

"Umenenepa," akaniambia.

Basi tukalia wote wawili, tukisimama mbalimbali kama watu wasiojuana, kwa sababu dereva alikuwa anatuona kwenye kioo.

Alinieleza kwa kifupi, kama mtu aliyejisimulia mwenyewe mara nyingi. Karatasi zake za kukaa ziliisha. Alikamatwa, akafungiwa miezi minane, akaachiwa, akawa analala kwenye stoo ya mgahawa. Alikuwa amemwambia Mama kwamba anafanya kazi ofisini, kwa hiyo alisema moyoni atapiga simu atakapokuwa na ofisi kweli, au angalau karatasi. Mwaka ukazaa mwaka mwingine. Mimi hapo nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Wangapi hapa Toronto nawajua wanaoishi hivyo hivyo, nawakuta kanisani wamevaa vizuri, ukiwauliza nyumbani hawajambo wanatazama viatu.

Karatasi alizipata mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2020, miezi mitatu baada ya kumzika. Akaanza kujiandaa kupiga. Ndipo siku moja kwa kinyozi mtu wa kwetu akatoa simu kuwaonyesha watu matanga ya kijijini. Silvanus akaona nyumba. Akaona Mama amepiga magoti. Akaona uso wangu kwenye kioo cha simu, nalia kutoka Kanada. Shuka lile la mistari ya bluu alilitambua, ni la kwake la shule. Alimaliza kunyolewa, akalipa, akatoka.

Sasa Kaka, hapa ndipo ninapoandika na kufuta.

Alisema alipiga. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 2021. Alipiga namba ya Mama kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Kaka alipokea. Nikamwambia ni mimi, sijafa. Nilimsikia anapumua, nikasikia na kuku. Halafu akakata."

Kesho yake alipiga tena, laini haikuwepo.

Nilimwambia anasema uongo. Nilimwambia kwa ukali, Kaka, kama ulivyonilea wewe, kwamba huwezi kukaa kimya miaka yote hiyo kisha uje kumsingizia mtu aliyewauguza wazazi wako. Hakubishana. Aliniuliza Dorotea yuko wapi.

Ningeweza kusema yuko kwao. Nimezoea kumwambia Mzee Madatali kwamba meli imefika. Lakini ndugu yako anakutazama usoni, upepo unampiga, amevaa beji yenye jina la mtu mwingine, unamdanganyaje? Nikamwambia yuko kwako, kwamba ukoo ulikaa, ukakubaliana, na kwamba kuna mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Akauliza jina la mtoto.

Unalijua. Mlimpa jina la marehemu, ili lisipotee.

Silvanus aliyatazama yale mawe kwa muda, na watu wanaoyazunguka na makoti yao ya mvua.

"Basi mnaye," akasema. "Mmoja anatosha."

Nikatoa simu nikamwambia tumpigie Mama, sasa hivi, nitalipa mimi gharama zote za kuuchimbua huo mgomba, watafanya kila kinachotakiwa. Aliusukuma mkono wangu taratibu. Alisema Mama ana miaka themanini na miwili, na kama atakufa kwa uzee wake wiki moja baada ya kusikia sauti yake, kijiji kizima kitasema ni yeye aliyemfuata. Tena alishaliliwa mara moja, hataki Mama amlilie mara ya pili. Kisha akaniuliza nimekuja kufanya nini hasa. Nikamweleza habari ya karatasi. Akafunga chupa yake ya chai.

"Mwambie umeliona kaburi. Mwambie ni la jiwe."

Dakika arobaini zilikuwa zimekwisha. Watu walirudi wameloa, akawahesabu.

Njia nzima ya kurudi alisimulia habari za wafalme. Tulipofika London alisimama mlangoni kama desturi yao, anamshika mkono kila abiria na kumshukuru kwa kusafiri naye. Nilikuwa wa mwisho. Hakunishukuru. Aliinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, "Shikamoo dada." Nikasema marahaba. Nikashuka. Mlango ukafungwa ndipo nikakumbuka kwamba sikumwomba namba ya simu, wala yeye hakunipa.

Nilirudi Toronto bado nakutetea. Nilitaka kukuandikia barua nyingine kabisa, ya kucheka jinsi mdogo wetu alivyokuwa mwongo. Lakini simu yangu haifuti ujumbe wa zamani, Clinton ndiye aliyenifundisha kuutafuta. Tarehe 14 Machi 2021 uliniandikia hivi: Laini ya Mama imeharibika, kuanzia leo tumia yangu. Na Dorotea alihamia kwako baada ya Pasaka. Mwezi haukutimia.

Kaka, mimi sikuhukumu, au tuseme najaribu. Labda uliogopa. Mtu uliyemfunga shuka kwa mikono yako na kumfukia, kisha sauti yake ikutokee sikioni asubuhi, kuku wanadonoa miguuni pako, mimi mwenyewe ningekata. Nimejaribu kulala kwa wazo hilo. Lakini hofu ya asubuhi moja haibadilishi laini ya simu. Na mwezi wa sita hukuwa na hofu ulipokaa ukaniandikia, kwa maneno mazuri, nikatafute karatasi ya kifo cha mtu aliyekwambia kwa mdomo wake kwamba hajafa. Umenituma mimi. Hilo linaniuma kuliko yote, nami nimelia mpaka nimechoka.

Karatasi haipo na haitapatikana. Padre umwambie utakavyoona. Habari ya Dorotea pia naiacha mikononi mwako, kwa sababu ni mke wa nyumba yako na mtoto hana kosa, nami sitaki kubomoa kwa kalamu nikiwa mbali ninakolala salama. Nilishafanya hivyo mara moja.

Lakini kuna jambo moja ninalokutaka, na hili sikuachii. Unakumbuka vijana waliokata ule mgomba waliung'oa pamoja na shina lake, wakauzika na mizizi, na msimu wa mvua ukachipua juu ya kaburi. Wewe ulitaka kuukata. Mama akauwekea uzio wa matete, akaacha kulia, akaanza kutenga sahani ya Silvanus kila jioni. Tukasema amechanganyikiwa. Mimi nilikwambia usimwachie sahani hiyo mezani, mtoto asije akajifunza mambo ya ajabu. Nilimgombeza Mama kwenye simu, mama yangu, nikamwambia aache kututia aibu. Aliniitikia, akasema sawa mwanangu.

Kwa hiyo, kesho asubuhi ukimpelekea uji, kaa naye chini. Mwambie hivi: Mama, Clementina anasema huna wazimu, na hukuwa nao hata siku moja. Usiongeze neno. Atakutazama. Vumilia hayo macho, Kaka, mimi ningetoa mwaka wa maisha yangu niwe hapo niyavumilie pamoja nawe. Hatakuuliza kitu kwa sababu atakuwa ameelewa. Na jioni sahani ikitengwa, iacheni.

Nisalimie Dorotea, na umwambie kitenge chake nimempa Faudhia. Nisalimie shangazi wa kule juu na wale wote wanaoniulizia. Mbusu Silvanus mdogo kwa niaba yangu, usimnyime jina lake, hakulichukua yeye. Mama usimpe salamu zangu mpaka umemwambia niliyokuagiza. Yule mwingine hakuniagiza salamu kwa mtu yeyote, na nilisubiri mpaka mlango ukafungwa.

Mungu akulinde, akupe nguvu ya kuimaliza siku ya kesho, na anisamehe mimi niliyeianza safari hii yote.

Ni mimi dada yako, ambaye hata baada ya kuyaandika haya bado anakupenda,

Clementina